UZI: Kidude kidogo cha laptopu kimevunjika, unaambiwa ubadilishe kava zima au mazabodi (bodi kuu). Lini ni kweli, lini si kweli?

Fundi_KavaC (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Kitufe kimoja kimekufa, bawaba imeng'oka, tundu la chaja linacheza, halafu jibu la dukani ni "hiyo mpaka kava lote" au "mazabodi imekwenda". Mara nyingine jibu hilo ni sahihi. Mara nyingine linatolewa kwa sababu kipuri kinauzwa kikiwa kimeunganishwa na vingine, wakati kidude chenyewe kinatengenezeka. Mteja analipia tofauti hiyo bila kuijua, na inauma.

Swali la kwanza: kidude kimeshikiliwa na nini? Kama ni skrubu, kinatoka chenyewe. Ribiti za plastiki zinataka subira, gundi inataka joto, na kilicholehemiwa kwa risasi kinataka mtu anayejua bloa (kipuliza hewa ya moto). Kabla hujajibu swali hilo, usikubali bei.

Majina kwanza, maana yanasaidia kuagiza: kava A ni mgongo wa kioo, B ni fremu inayokizunguka kioo, C ndiyo sehemu ya kibodi na viganja, D ni la chini. Wauza spea wanatumia herufi hizo hizo.

Nianze na kibodi. ThinkPad T480 kibodi inashikwa na skrubu 2 za upande wa chini, ukizilegeza inasogea na kunyanyuka. EliteBook 840 G3 nayo inatokea juu. Hizo mtu asikuuzie kava C. Lakini HP 15, Pavilion, IdeaPad, Inspiron na VivoBook nyingi za kawaida, kibodi imekandamizwa kwenye kava C kwa makumi ya vijiti vya plastiki vilivyoyeyushwa vichwa. Ndiyo maana kiwandani wanatoa kava C na kibodi yake kama kipuri kimoja. Ila kibodi tupu inauzwa, na inafungika vizuri ukifuata utaratibu.

Chomoa betri kwanza. Toa mazabodi, feni, spika na fleksi (waya bapa) za tachipadi, kava C libaki tupu. Mgongoni mwa kibodi kuna karatasi nyeusi ya gundi au bati jembamba. Libandue polepole, utalirudisha. Sasa kata vichwa vya ribiti kwa patasi ndogo au wembe mpana, ukiulaza usawa na bati. Kata kichwa tu, kijiti kibaki kirefu iwezekanavyo, maana ndicho utakachotumia kushikia kibodi mpya. Ukivuta kibodi kabla vichwa vyote havijakatwa, mbavu nyembamba kati ya vitufe zinapinda au kuvunjika, na hapo ndipo kava linahitajika kweli.

Kabla ya kuweka mpya, zilaze mbili kwa pamoja ulinganishe: upana wa fleksi, idadi ya pini, kama kuna fleksi ya pili ya taa, umbo la Enter, na kama kitufe cha kuwasha kiko ndani ya kibodi au kando. Kibodi mbili za modeli moja zinaweza kutofautiana kwa kitufe hicho tu.

Kuyeyusha upya: pasi ya kulehemia yenye ncha bapa, nyuzi 200 hadi 250. Bonyeza sekunde moja au mbili, ondoa, shikilia kwa kitu baridi mpaka kichwa kigande. Kijiti kilichokwisha, weka tone la epoksi ya mirija miwili, uache saa 24.

---

mama_spea

Asante mkuu. Naongezea kwa wauzaji na wanunuzi: namba ya kweli ya kibodi iko kwenye stika nyuma ya kibodi yenyewe. Jina lililo chini ya laptopu halitoshi. "HP 15" ni familia ya mashine nyingi zisizoingiliana spea. Mteja akipiga picha ya stika ile, tunamaliza kazi kwa dakika moja.

Swali langu: kwa nini kibodi nyingi zilizobadilishwa hivi zinarudi zikilalamikiwa kwamba vitufe vya katikati vinabonyea kama godoro?

---

Fundi_KavaC

Dada, ni ribiti za katikati zilizorukwa. Fundi anayeyusha za pembeni, anaona imeshika, anafunga. Bonyeza G, H na B kwa nguvu kabla ya kurudisha mazabodi. Bati likishuka, rudi katikati.

---

risasi63

Onyo moja kuhusu gundi. Usitumie supaglu kwenye kibodi. Ni nyepesi kama maji, inapenya kwenye matundu ya bati na kugandisha kitufe kutokea chini. Mvuke wake pia unaacha utandu mweupe kwenye plastiki nyeusi, na ikikauka haina mnyumbuliko, kila pigo la kidole linaipasua. Epoksi nzito haitembei, inakaa pale ulipoiweka.

Sasa tundu la USB-C, maana hapa ndipo mazabodi nzima nyingi zinahukumiwa kwa kosa la kipande cha sentimita moja.

Zamani tundu la chaja la pini ya duara lilikuwa na waya wake. Kwenye Latitude na HP nyingi bado liko hivyo: unafungua skrubu, unachomoa soketi, unaweka jipya, robo saa. USB-C kwenye mashine nyingi imelehemiwa moja kwa moja kwenye mazabodi. Ina pini 24 na miguu ya ganda la chuma inayopita kwenye bodi. Laptopu ikivutwa na waya wa chaja, nguvu yote inaishia kwenye miguu hiyo na pini hizo.

Pima kabla ya kutoa hukumu. Chukua kimita cha USB-C kinachopachikwa kati ya chaja na laptopu, tumia chaja ya USB-C hadi USB-C, usome:

Volti 0: chaja haijaiona laptopu kabisa. Chaja ya USB-C haitoi umeme mpaka ihisi resista ya omu 5,100 kwenye pini ya CC (pini ambayo chaja na laptopu hutambuana kwayo). Kagua tundu, pini za CC zimekatika au zina kutu.

Volti 5 na haipandi: laptopu imeonekana lakini mazungumzo ya kuomba volti 20 yameshindikana. Mshukiwa ni chipu inayosimamia USB-C, umeme wake wa volti 3.3, au programu yake.

Volti 20 lakini ampea karibu na sifuri: tundu liko salama. Tatizo ni mbele yake, kwenye mosfeti (swichi za kielektroniki) za kuingizia umeme au sakiti ya kuchaji. Hapo ukibadilisha tundu umechoma risasi bure.

Halafu geuza plagi. Ikichaji upande mmoja tu, kuna pini ya CC moja imekufa, nyingine nzima. Jaribio hilo la sekunde tano linakwambia kwamba mara nyingi tundu ndilo lenye kosa.

---

Kijana_wa_bloa

Mkuu risasi63, swali kuhusu kulitoa. Kila ninaposoma maelezo naona watu wanalalamika pedi (vidoa vya shaba ambapo pini zinalehemiwa) zinang'oka. Joto ni kiasi gani na kosa linatokea wapi?

---

risasi63

Kosa ni kuvuta kabla risasi yote haijayeyuka. Miguu ya ganda imeungwa kwenye tabaka pana la graundi ndani ya bodi, na shaba ile inanyonya joto. Pini za mbele zinakuwa zimeyeyuka wakati miguu bado migumu, fundi anavuta, pedi zinatoka na tundu.

Risasi ya kiwandani isiyo na ledi inayeyuka karibu nyuzi 217. Ile ya 63/37 (bati 63, ledi 37) inayeyuka 183. Kwa hiyo weka flaksi, kisha changanya 63/37 kwenye kila mguu na safu ya pini kwa pasi, ili zote zishuke kiwango. Pasha bodi kutokea chini kwa hita, nyuzi 120 hadi 150, uiache ipate joto sawasawa. Halafu bloa juu, 350 hadi 380, ukizungusha, usisimame sehemu moja. Funika soketi za plastiki za jirani kwa tepu ya kaptoni na ya alumini. Ligusishe tundu kwa kibano kidogo tu: likitikisika lenyewe na kurudi mahali pake, limeyeyuka, linyanyue wima. Lisipotikisika, subiri.

Baada ya hapo safisha matundu ya miguu kwa waya wa kunyonyea risasi na pasi. Usiyasukume kwa sindano, utang'oa ukuta wa shaba wa ndani.

Pedi ikiwa imeng'oka: pini za CC na za USB 2 zinaungika kwa waya wa shaba uliopakwa vanishi, milimita 0.1, mpaka kwenye kapasita au resista ya kwanza inayofuata, kisha gundi ya taa ya UV juu yake. Jozi za pini za kasi kubwa za USB 3 na Thunderbolt hazipendi waya wa kuning'inia. Mara nyingi utapata chaji na USB 2, skrini ya nje isifanye kazi. Mwambie mteja hivyo mapema, achague yeye.

---

Mtumba_wa_Dubai

Naongezea jambo kuhusu ThinkPad, maana T480 zimejaa Kariakoo na Luthuli. Kwenye ThinkPad za miaka ya 2017 hadi 2019 zenye Thunderbolt kulikuwa na kosa la programu ya chipu ya Thunderbolt lililoharibu kumbukumbu yake ndogo. Tundu linakufa au linagoma kuchaji ipasavyo, wakati chuma chake hakina hata mkwaruzo. Lenovo ilitoa sasisho. Mashine ambayo bado inafanya kazi, liweke kabla ya kuiuza. Iliyokwisha kufa inataka chipu ile ya kumbukumbu iandikwe upya kwa programa ya nje (kifaa cha kuandikia chipu). Fundi asiyejua anabadilisha tundu, haoni mabadiliko, anaamua mazabodi imekufa. Na T480 ina matundu mawili yanayochaji, jaribu la pili kwanza.

---

bawaba_imara

Niingie kwenye bawaba, kwa sababu hapa chanzo huwa hakitibiwi.

Bawaba inashikwa na skrubu zinazoingia kwenye njugu ndogo za shaba nyeupe au njano, zilizozikwa ndani ya vinara vya plastiki vya kava A au kava C. Siku plastiki inapopasuka, njugu inatoka na kinara chake, kioo kinapanuka pembeni ukifungua. Kiwandani jibu ni kava jipya. Kwenye kava C lenye kibodi ya ribiti, maana yake unabadilisha kava, kibodi na wakati mwingine tachipadi, kwa ajili ya njugu nne.

Kilichovunja plastiki ni bawaba kuwa ngumu. Grisi imekauka, chuma kinasaga chuma, nguvu inahamia kwenye kinara. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuifungua bawaba yenyewe, kutia tone la mafuta mazito kwenye mhimili, na kulegeza nati ya mwisho robo mzunguko. Ifungue kwa mkono: iwe inabaki pale unapoiacha, lakini isikulazimishe kukaza vidole. Ukigundisha kinara bila kufanya hivi, epoksi itashika na plastiki ya jirani itapasuka.

Kisha kwangua plastiki ya zamani kwa msasa, safisha kwa spiriti kali ya isopropili, fungia njugu kwenye skrubu zake na bawaba ikiwa mahali pake, ndipo uzungushie epoksi. Paka mafuta kidogo kwenye skrubu ili epoksi isizishike. Usifungue kioo kwa saa 24. Kama ukuta wa plastiki ni mwembamba mno, toboa kava mpaka nje na tumia boliti bapa za M2 zenye nati. Zinaonekana, lakini zinadumu kuliko kava jipya la plastiki ile ile.

Kabla ya kufunga, fuata waya wa kioo unapopita kwenye bawaba. Ganda lake likiwa limechubuka, mistari ya kioo itaanza baada ya wiki na utalaumiwa wewe.

---

Dada_Mita

Wakuu, mazabodi "iliyokufa" tuifafanue. Dalili ya kawaida: unachomeka chaja, taa ya chaja inazimika au inapepesa. Hiyo ni shoti. Na mara nyingi sana ni kapasita moja ya kauri, kidude cha milimita mbili.

Chomoa betri na chaja. Weka mita kwenye omu, waya mweusi kwenye graundi ya skrubu, mwekundu kwenye laini kuu ya volti 19 inayolisha bodi. Bodi nzima inasoma maelfu ya omu na namba inapanda kapasita zinapojaa. Ukisoma omu 0.5 au 2, kuna shoti.

Kuitafuta: pawa saplai ya mezani, volti 1, kikomo cha ampea 2, ingiza kwenye laini hiyo. Mwagia spiriti ya isopropili eneo zima. Kapasita yenye shoti inapata moto, spiriti juu yake inakauka kwanza, unaona duara kavu likifunguka kuizunguka. Mwenye kamera ya joto ataiona mara moja. Itoe, pima tena. Namba ikirudi juu, umemaliza. Kapasita za laini hiyo huwa nyingi zimeungwa sambamba, bodi itawaka bila hiyo moja, lakini irudishie yenye volti 25 na maikrofaradi zile zile. Usitie ya volti 6.3 kutoka bodi ya simu kwenye laini ya volti 19, itapasuka.

---

risasi63

Dada Mita amesema vizuri. Niweke tahadhari mbili, maana watu wameua bodi nzima wakitafuta shoti.

Ya kwanza: laini ya CPU na ya kadi ya picha kwa asili husoma omu chache sana, hata chini ya 1 kwenye kadi kubwa. Hiyo si shoti. Linganisha na bodi nzima ya namba ile ile au mchoro wake kabla ya kutoa chochote.

Ya pili: kama laini kuu ina shoti na koili ya CPU, mosfeti ya juu imepasuka. Maana yake volti 19 zilikwenda moja kwa moja kwenye CPU inayotaka karibu volti 1. Hapo hata ukibadilisha mosfeti, CPU ina uwezekano mkubwa wa kuwa imekwisha, na imelehemiwa kwenye bodi. Hii ndiyo mazabodi ya kubadilisha kweli. Mwambie mteja ukweli huo siku ya kwanza, usimle hela ya majaribio.

---

Kioo_Nusu

Na MacBook? Wateja wanakuja na kitufe kimoja, wanaambiwa kava zima na betri.

---

Fundi_KavaC

Kwa MacBook Pro za 2016 hadi 2020 fundi hadanganyi. Kibodi imepigwa ribiti kwenye kava la juu la alumini na betri imebandikwa kwa gundi kwenye kava hilo hilo, hivyo Apple wanatoa vyote kwa pamoja. Zile za kibodi ya kipepeo (aina ya vitufe vyembamba sana) ziliharibika kiasi kwamba Juni 2018 walifungua programu ya kutengeneza bure, miaka 4 tangu mashine iuzwe mara ya kwanza. Muda huo umepita kwa zote. Kibodi tupu zinapatikana, ila ni ribiti ndogo nyingi za kung'oa na kurudishia skrubu ndogo, na betri lazima itolewe. Betri iliyovimba usiibandue kwa bisibisi. Kama betri imechoka pia, kava kamili ni chaguo la haki.

Kwa kioo, MacBook Pro ya inchi 13 ya 2016 ina fleksi ya taa ya kioo iliyo fupi, inasuguana na bodi ndogo ya kioo kila ukifungua. Dalili ni vivuli chini ya kioo kama taa za jukwaa, baadaye kioo kinazima ukifungua zaidi ya pembe fulani. Fleksi ni sehemu ya kioo, ndiyo maana unaambiwa kioo kizima. Ya 2018 fleksi iliongezwa milimita 2. Fundi wa hadubini anaweza kulehemu fleksi nyingine, lakini ni kazi ya wachache.

---

Kijana_wa_bloa

Swali la mwisho kwangu: kile kifuniko kidogo cheusi cha soketi ya fleksi ya kibodi kikivunjika. Naona watu wanabadilisha bodi.

---

Dada_Mita

Usibadilishe bodi kwa hilo. Kazi ya kifuniko ni kukandamiza fleksi kwenye pini. Kata kipande cha plastiki nyembamba, au kunja tepu ya kaptoni mara mbili au tatu, kibandike mgongoni mwa fleksi upande usio na pini mpaka iingie kwa kubana. Funika kwa tepu. Ukitaka kazi safi, hamisha kifuniko au soketi nzima kutoka bodi mbovu. Hesabu pini na umbali kati yake, kwa kawaida milimita 0.5 au 1. Na kinavunjika kwa sababu watu wanakichokonoa kutokea katikati au upande usio wake. Angalia kwanza kama kinainuka au kinavutwa nje, kisha tumia kucha pande zote mbili kwa zamu.

---

Mtumba_wa_Dubai

Ikishaamuliwa mazabodi inabadilishwa, kabla hujamlipa muuzaji fanya haya. Bodi ya mtumba iwashwe mbele yako, uingie BIOS (mipangilio ya bodi kabla ya Windows). Ikidai nenosiri la msimamizi, iache, ni ya kampuni fulani na itakusumbua. Angalia kama kufuli la Computrace (la kuzuia wizi) limewashwa. Linganisha namba iliyochapwa kwenye bodi yenyewe. Bodi yenye kadi ya picha na isiyo nayo mara nyingi hazitumii kipoza joto kimoja.

Upande wa mteja: BitLocker (kufuli la data la Windows) ikiwa imewashwa, ufunguo wa tarakimu 48 utadaiwa bodi ikibadilika, kwa sababu chipu ya usalama iko kwenye bodi ya zamani. Autafute kwenye akaunti yake ya Microsoft kabla hujafungua skrubu ya kwanza. Leseni ya Windows iliyokuja na laptopu nayo imefungwa na bodi. Na kama SSD imelehemiwa, mafaili yanabaki kwenye bodi unayoitoa.

---

mama_spea

Je, bodi ya zamani niichukue kwa kukatia bei?

---

risasi63

Muulize mteja kwanza kama data zake ziko humo. Kama SSD ilikuwa ya kuchomoa na ameichukua, chukua bodi. Soketi ya kibodi, tundu la USB-C, mosfeti na kapasita za volti 25 zilizomo zinatosha kutengeneza bodi tatu za namba hiyo. Andika namba ya bodi kwa peni kwenye tepu, ibandike, na uiweke kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli.